Hodi kwa Mlango Namba Sifuri

Usiku wa pili kituoni, chini ya barafu.
Theluji imepanda dirishani hadi kifuani mwangu.
Ziwa liko juu huko, mwendo wa saa mbili kwa miguu,
limezuiliwa na ukingo wa mawe usiomwahidi mtu chochote,
na bondeni watu mia tatu wamelala
wakiamini kuna mtu anayehesabu sentimita.

Mtu mwenyewe ni mimi, Burulcha,
nimefika juzi na lori la makaa.

Kihisi cha ziwa hakipigi kelele.
Kinasema kupitia waya mweusi wa pini tisa,
tarakimu moja nyuma ya nyingine,
kama kondoo kwenye daraja la ubao mmoja:
mmoja akisukuma, wote majini.

Nimeandika skripti, mistari kumi na saba.
Kwanza iulize: mlango upo?
Kisha ipige hodi.
Ikikaribishwa, isome kina, iandike, itoke, ifunge.
Isipokaribishwa, ihesabu sekunde tano, irudi.
Hodi tatu, basi. Mgeni mwenye adabu hapigi ya nne.

Mlango upo.
Hodi. Kifaa kina shughuli.
Hodi. Kifaa kina shughuli.
Hodi.

Nimempigia simu mkuu, Bishkek. Anapiga miayo:
"Chomoa, chomeka. Zima, washa."
Nimechomoa nikachomeka, nimezima nikawasha,
na kompyuta imeamka ikiwa tayari na shughuli zake,
kama mama mkwe aliyekutangulia jikoni.

Nikamimina chai ya maziwa na chumvi. Nikaisahau.
Kuwepo si kuwa huru, hilo nalijua;
nimekaa miaka sita na mume aliyekuwepo.
Lakini swali langu lilikuwa la kijinga.
Niliuliza kama mlango upo, nikauliza kama uko wazi.
Sikuuliza: nani yumo ndani?

Nikauliza.
Mashine ikajibu kwa neno moja, herufi ndogo:
tologon.

Buti za manyoya nilizovaa ni zake.
Kikombe hiki chenye kovu la kutu, chake.
Alianguka njiani vuli ya mwaka juzi, akishuka na chupa ya chai,
na tangu hapo kituo hakijakaliwa na mtu.
Walizifuta simu zake, wakalifunga faili lake la mshahara.
Hakuna aliyekumbuka kuiambia kompyuta.

Kila dakika kumi, kwa umeme wa kijito,
programu yake huamka, husoma ziwa,
huandika katika folda ambayo haijafunguliwa na yeyote.
Nimeifungua.
398. 398. 401. Kando ya namba, maneno yake:
"Mbweha kapita." "Makaa ya mwaka huu ni udongo mtupu."
"401 tena, au macho yangu?"
Tarehe tisa Oktoba, maneno yanakoma.
Namba haziachi.
Misimu miwili ya baridi, bila mshahara, bila chai.

Kwa hiyo bondeni hawakukosea.

Kuna amri mbili za kumwondoa aliye ndani.
Moja hukata shingo.
Nyingine humwambia: malizia sentensi yako, mzee, kisha toka.
Nimechagua ya pili, na bado kidole kilikawia juu ya kitufe
mpaka saa ya ukutani ikanionea aibu.

Akaandika 412. Akafunga faili. Akaondoka.

Skripti yangu ikapiga hodi,
na mlango ukafunguka mara ya kwanza.
412.

Kabla ya kulala nimeongeza mstari wa kumi na nane,
juu kabisa, unaoanza na alama ya reli,
mstari ambao mashine huuruka
na binadamu peke yake huusoma:

# Ukikuta shughuli, uliza jina kwanza.

Kisha kando ya namba yangu ya kwanza nikaandika:
"Theluji. Makaa bado ni udongo."